Mchora Visanduku

Meza ya dirishani pale maktabani, ambayo zamani tuliitumia kusomea vitabu, sasa imekaliwa na mwalimu wa kupanga insha. Sijamwona akifungua kitabu. Hutoa rula, hulamba ncha ya penseli, kisha huchora visanduku vitano: utangulizi, hoja tatu, hitimisho. Vidole vyake ni laini kama vya mtoto mchanga, na hata akinong'ona utadhani anatangaza msiba. Juzi alijiwa na binti wa chuo ambaye akifeli tena anafukuzwa. Insha yake ilieleza kwa nini wazee hukataa kuhama nyumba mbovu, na nilipochungulia niliona ukurasa mzima wa maneno ya bibi yake, maneno yenye uhai.

"Huu hauna kisanduku," mwalimu akasema, akaupiga mstari kwa rula. "Bibi si marejeo, dada."

"Lakini yeye ndiye aliyekataa kuhama, mwalimu. Kwani wewe unaonaje, wahame?"

Penseli ikasimama. Akakitazama kisanduku cha mwisho kama mtu aliyepoteza ufunguo, halafu akaandika kile anachowaandikia wote: "Suala hili lina pande nyingi."

Binti akanakili, maskini. Na bibi aliyekataa kuhama nyumba yake akahamia kwenye pipa la taka.