Gauni Lililopasuliwa Mgongo

Juzi, kwenye duka moja la Nyali, niliona sanamu imevalishwa gauni jeupe lililo wazi mgongoni, nikakumbuka alasiri moja kwetu Kisauni.

Mama alikuwa fundi cherehani. Chumba kilinuka mafuta ya mashine na makaa ya pasi. Mwanamke mmoja alileta satini nyeupe, akanong'ona, "Ni ya dadangu. Alikonda sana, fundi. Nataka apendeze."

"Atapendeza," Mama alisema. "Kola pana itampa mabega, na marinda ya kifuani yatamjaza. Mikono iwe mirefu, ifiche mifupa."

Niliamini ni bibi harusi. Nikakaa chini ya meza nikimsubiri aje kulijaribu gauni. Sikujua kuna wanaopelekewa nguo walikolala.

Mama alishona mbele kwa utulivu, kisha akachukua mkasi akapasua nyuma, kutoka shingoni hadi kwenye pindo. Satini ililia kwa sauti nyembamba.

"Mama, umeliharibu."

"Sijaliharibu. Hivi ndivyo atakavyovishwa."

"Na akigeuka?"

Mama aliilaza kola kwa kiganja, polepole.

"Hatageuka, mwanangu."