Taa Nne za Mzee Cheche

Shemeji yangu, mdogo wake marehemu mume wangu, amefunga umeme wa magari kwa miaka thelathini na mmoja. Mtaani wanamwita Mzee Cheche, jina ambalo mimi silitumii, kwa kuwa karakana yetu haijapata kuunguza gari la mtu. Namwandika kwa sababu habari zake zimekwisha kutoka nje, na habari ikitoka peke yake huota mkia. Heri niiseme mimi.

Ni fundi aliyejifunza kwa vidole. Hapimi waya kwa namba, huuviringisha kati ya gumba na kidole cha shahada, kisha husema, "Huu unabeba," au, "Huu utalia." Wanawe watatu walikimbilia ofisini, akabaki na mwanafunzi mmoja wa kweli, binti yangu. Alimfundisha tangu ana miaka kumi na minne, akamwita mkono wake wa pili. Kisha binti akaenda chuo cha ufundi, akarudi na cheti, mita ya umeme na daftari la hesabu. Ndimu ikaingia katika maziwa.

Wivu wa shemeji haukuwa na kelele. Mteja akimwulizia binti, yeye huanza kusugua koleo ambalo ni safi tayari. Ule mkono wa pili akaubatiza "Chuo". "Nendeni kwa Chuo, mimi najua nini?" Kila asubuhi aliiondoa ile mita mezani na kuiweka sakafuni, kama mtu anayehamisha paka. Nami sikusaidia. Nilikuwa nikikitaja kile cheti mbele ya kila mgeni.

Mwezi uliopita akaja mchimba visima mwenye pikapu sita. Vijana wake huanza kazi kabla hakujapambazuka, akataka taa za kazi nyuma ya kila kabini. Alileta pikapu mbili kwanza.

"Mzee afunge hii, dada afunge ile," akasema. "Kazi nitakayoipenda, fundi wake ndiye atakayefunga nne zilizobaki."

Kwake yalikuwa maongezi tu. Kwa shemeji ilikuwa hukumu ya nani fundi mkuu chini ya bati lile.

"Sikio halipiti kichwa," alimwambia binti yangu huku akivaa ovaroli.

"Na pembe je, Ba'mdogo? Huota baadaye, na hukipita."

Mchimba visima alicheka mpaka akakohoa. Shemeji hakucheka.

Binti alifunga taa mbili. Alivuta waya mnene kutoka kwenye betri, akaweka fyuzi shibiri moja tu kutoka hapo, kisha rilei, kile kiboksi kinachoiwezesha swichi ndogo kuamuru umeme mwingi. Alipotoboa bati alivisha tundu mpira, waya usije ukakatwa. Akawasha. Ukuta mzima ukawa mweupe.

"Ahaa!" akasema mteja.

Ile "ahaa" ilimchoma shemeji. Naye alikuwa amekwisha kufunga mbili, kwa waya uliozitosha hizo mbili. Akaingia stoo, akatoka na mbili nyingine, akaziunga kwenye waya ule ule. Alipowasha, fyuzi ikakatika. Akaweka nyingine, nayo ikakatika. Nilikuwa mlangoni na sinia la chai. Nilimwona akiangaza macho kuona kama binti anamtazama, kisha akachomeka fyuzi ya kijani, ya ampea thelathini, mahali pa ile ya bluu, ya kumi na tano.

Nimesoma fizikia. Fyuzi ni mlinzi ambaye kazi yake ni kufa kabla ya mwenye nyumba, na mume wangu aliwahi kumfukuza fundi kwa kosa hilo hilo. Lakini aibu yetu ningeimwagaje mbele ya mgeni? Nikagawa chai.

Taa nne zikawaka, na kweli zilipendeza.

"Mzee, umemaliza!" mteja akapiga makofi. "Dada, umeona kazi?"

Shemeji akatabasamu mpaka jino la pembeni likaonekana. Hatukuwa tumeliona tangu cheti kiingie nyumbani.

Chai ilipofika nusu ya vikombe, binti akachungulia chini ya boneti. Aliiona ile rangi ya kijani. Akanitazama, akamtazama baba yake mdogo. Sentensi moja ingetosha kummaliza.

"Ba'mdogo," akasema taratibu, "hebu ushike waya wako."

Akaushika, akauachia upesi. Plastiki ilikuwa imelainika, imemnata kidoleni.

"Kuna nini?" mteja akauliza.

Moyoni nilimwomba shemeji aseme hakuna kitu, kisha airekebishe mteja akishaondoka. Yeye akazima swichi.

"Bosi, hii ingekuunguzia gari. Nimeongeza taa, sikuongeza waya. Fyuzi ilinikataza mara mbili, nikaweka kubwa zaidi."

"Wewe, mzee wangu? Kwa nini?"

"Wivu," akasema. Akafuta kidole kwenye ovaroli. "Zile pikapu nne mpe huyu."

Uso uliniwaka. Mteja aliitazama sahani ya kikombe chake, akasema haya, amekubali.

Siku hiyo hiyo shemeji aling'oa kazi yake yote, akaifunga upya kwa waya mnene. Jumatatu pikapu nne zikaingia. Yeye alibeba kigoda chake hadi mbele ya karakana, akatugeuzia mgongo, akashughulikia honi ya pikipiki. Kila binti alipowasha taa kule nyuma, wateja wakashangilia, shemeji aliongeza sauti ya redio.