Kura Yangu Si ya Shemeji

Iko siku moja ambayo hunirudia kila kampeni zikianza, mwanangu, na sasa zimeanza tena, kwa hivyo vuta kiti unisikilize. Jana ulipita hapa na tisheti ya mgombea wako. Nikakuuliza atafanya nini kuhusu bei ya mbolea, ukacheka, ukasema, "Gogo, huyo ni mtu wetu." Nilikasirika, nikaingia ndani. Leo hasira imepungua kidogo, ingawa haijaisha.

Wakati huo nilikuwa mjane kijana hapa Keringet, nina watoto wawili, Chebet na mdogo wake. Nililima viazi kwenye kipande cha shamba cha shemeji yangu Kipkemoi, kwa sababu mume wangu alifariki kabla hawajagawana. Chakula, karo, mafuta ya taa, vyote vilitoka kwenye hicho kipande. Kipkemoi hakuwa mtu mbaya, siwezi kumsingizia. Ndiye aliyeniletea mbegu msimu wa kwanza bila kuombwa. Lakini mwaka huo alipewa kazi ya kumpigia debe mgombea urais wa upande wetu, akapewa na kipaza sauti, na kile kipaza sauti kilimpanda kichwani.

Sisi wanawake tulikuwa tukikusanyika kwenye stoo ya mama mkwe wangu, Gogo Tabelga, mama yake huyo huyo Kipkemoi; siku hizo yeye ndiye aliyeitwa Gogo, yaani nyanya, si mimi. Tulitenganisha viazi: vya mbegu huku, vya soko kule, vilivyokatwa na jembe vya kupika nyumbani. Siku moja nikasema mbele ya wenzangu kwamba mimi kura yangu nilishaitoa zamani, ni ya mtu wa kwetu. Gogo akaniuliza huyo mtu amesema nini kuhusu lumbesi. Waulize wakulima wa viazi hapa, watakwambia lumbesi ni nini. Ni lile gunia ambalo broka analishonea kichwa juu, ulijaze mpaka lionekane lina mimba, halafu akulipe kama gunia la kawaida. Lilikuwa linatumaliza. Nami sikujua mgombea wangu amesema nini.

"Mchumba akija hapa tunamuuliza kwao wapi, anafanya kazi gani, anakunywa au hanywi," Gogo akasema. "Huyu unampa nchi nzima na hujamuuliza hata neno moja."

Wenzangu walicheka, na mimi niliona aibu mpaka masikio yakapata moto. Ndipo Gogo akatuwekea utaratibu wake. Wagombea wenye nguvu walikuwa watatu: mtu wa kwetu, tajiri mmoja wa mjini, na wakili wa upande ule mwingine. Kila mmoja wetu amsemee mgombea asiyempenda. Unayempenda huruhusiwi kumsemea kabisa. Na wote waulizwe maswali yale yale: lumbesi, hospitali, na barabara yetu, ambayo mvua ikinyesha viazi vinaozea ndani ya lori.

Mimi nikapewa yule wakili. Mwanangu, nilikuwa siwezi hata kuvumilia sauti yake. Lakini ilibidi nitegeshe redio juu ya magunia nimsikilize vizuri, kwa sababu nikikosea wenzangu wangenila mzima mzima. Nikagundua ndiye peke yake aliyesema viazi vipimwe kwa kilo. Iliniuma kukubali. Jirani yangu, aliyekuwa akimpenda wakili kufa, alipewa mtu wa kwetu, naye akarudi ametuna akisema kwamba kwenye hospitali na barabara huyu ndiye ameeleza pesa zitatoka wapi, na wakili amepiga porojo tu. Tajiri alisema soko litajirekebisha lenyewe. Gogo akauliza litajirekebisha lini. Tulibishana hivyo wiki baada ya wiki, mikono ikiwa na udongo, na hakuna aliyemchukia mwenzake.

Kabla hatujamaliza, Kipkemoi akaitisha mkutano kwenye uwanja wa shule ya msingi. Akatangaza kwamba wazee wamekaa na wamemaliza, kura zote za hapa ziende kwa kapu moja, la mtu wa kwetu. Anayekubali ainue mkono. Uwanja mzima ukainua. Mimi sikuinua. Si kwamba nilimkataa mtu wake, nilikuwa bado natafakari. Kipkemoi akaniona.

"Mama Chebet, mkono wako uko wapi?" akauliza kwa kile kipaza sauti.

"Uko hapa, shemeji. Tuambie kwanza, mtu wako anasema nini kuhusu mambo ya lumbesi?"

Akasema hayo tutaongea akishaingia. Nikamwambia akishaingia hatatujua. Watu wakaanza kucheka, na nadhani kicheko ndicho kilichomuumiza, kwa sababu hapo ndipo aliposema lile neno, mbele ya kila mtu.

"Basi utafute shamba lingine la kulima."

Niliogopa, mwanangu. Chebet alikuwa amenishika sketi. Kuinua mkono ni kitu kidogo, kingeisha pale pale, tungeenda nyumbani tukale. Lakini nilimtazama yule mtu, na kipaza sauti chake alichoazimwa na watu asiowajua, nikaona nikiinua leo nitainua maisha yangu yote.

"Shamba ni lako, chukua," nikasema. "Kura ni yangu."

Hapo Gogo Tabelga, aliyekuwa ameinua mkono kama wengine, akaushusha. Akaushusha tu, akaufunika na shuka. Wanawake wa stoo wakashusha wao pia, mmoja baada ya mwingine, na Kipkemoi akafunga mkutano bila maombi.

Shamba alilichukua kweli. Sitakuwekea sukari. Msimu ule nilifanya kibarua kwenye mashamba ya watu huko Olenguruone, watoto wakilala kwa Gogo, na Chebet alikaa nyumbani muhula mmoja. Hilo la Chebet linaniuma hadi leo. Baadaye wale wanawake walinikodishia kipande, nikainuka polepole.

Kipkemoi alikuja kuniomba msamaha akiwa ameshazeeka, na nikamsamehe. Kisha akaniuliza nilimpigia nani siku ya kura. Nikamwambia anywe chai inapoa. Wewe nitakwambia. Nilipoingia kwenye kibanda peke yangu, nilipima yote, lumbesi upande mmoja, hospitali na barabara upande mwingine, nikakumbuka akina mama waliofia njiani wakipelekwa kujifungua. Nikaweka alama kwa mtu wake. Yule yule. Kipkemoi angeniacha tu nifikirie, angeipata kura hiyo hiyo, na shamba lingebaki na mtu wa kulilima.

Kwa hivyo sikwambii uvue hiyo tisheti. Huenda mtu wako ndiye bora. Lakini mtafute unayemchukia, umsikilize mpaka uweze kumtetea mbele yangu bila kumdhihaki. Wape wote maswali yale yale, uanze na yanayogusa sahani yako na hospitali yako, na anayejibu kwa wimbo uhesabu kwamba hajajibu. Akija mtu kukwambia wazee wameshaamua, mwambie mimi ni mzee na sijaamua. Na ukitishwa, uogope, hakuna ubaya, ila usitoe kura yako kununua amani ya jioni moja.

Mungu akulinde, mwanangu. Akupe masikio ya kumsikia hata usiyempenda. Akupe shamba ambalo hakuna atakayekunyang'anya. Na mkono wako auimarishe, uwe mzito kuinuka kwa sababu tu mikono mingine imeinuka.