Mayai ya Mpumbu

Matildah alisoma mpaka darasa la sita, basi. Lakini pale Nchelenge, kando ya ziwa, mwaka wa sabini na tano, ndiye waliyemuita kufundisha biashara, kwa sababu alikuwa amefanya biashara ya samaki miaka ishirini na hakuna mutu aliyewahi kumudanganya mara mbili. Ushirika ulimupa chumba kilekile alimokuwa anawekea samaki wake toka zamani, ubao na wanafunzi kumi na mmoja, watu wazima wote, wengine wa huku na wengine wa ng'ambo ya ziwa, nchi ingine. Alifundisha kwa Kiswahili, lugha ya soko.

Kupima na kukausha walikuwa wanajua tayari. Kilichomusumbua Matildah ni mulango wa darasa. Nyuma yake, kila mwaka, siku ya mvua ya kwanza, alipiga alama ya makaa. Mvua ikichelewa, alama anaiweka chini zaidi. Miaka minane sasa alama zilikuwa zinashuka tu, na mwaka huu mwezi wa kumi na moja ulikuwa unaisha, anga tupu kama sahani iliyolambwa.

"Majira yanahama," aliwaambia. "Samaki mpumbu anangojea maji ya mvua apande muto Luapula kuzaa. Mvua ikikawia, anasongamana pale muto unapoingia ziwani, tumbo limejaa mayai. Mwenye wavu anamuokota kama maboga."

"Basi Mungu ametusogezea soko, mama," akasema Nkonde, bwana munene wa Kashikishi, na darasa likacheka.

"Cheka, Nkonde. Hayo meno utatafunia nini mwaka wa themanini?"

Alitaka kitu kimoja kwao kabla ya kufunga masomo: wasinunue mpumbu mwenye mayai mwaka huu. Muvuvi hasikii mwalimu, hasikii padri, lakini anasikia mununuzi. Wanunuzi kumi na mmoja wakikataa, nyavu zitalala. Aliwaambia mara tatu. Waliitikia vizuri sana, kama watu wanaoitikia misa.

Aliyeandika kila neno alikuwa Clotilde, mufanyabiashara wa ng'ambo. Kwao serikali ilikuwa imekataza majina ya ubatizo, kwa hiyo huku alilivaa lake kama kitambaa cha sikukuu.

"Uko na hakika, mama? Samaki itapunguka kweli?"

"Niko na hakika kama ninavyokuona."

"Itapunguka sana?"

"Sana, mutoto wangu."

Clotilde akaandika, akapiga mustari chini yake. Matildah akafurahi: angalau mumoja amesikia.

Siku ya mwisho kila mutu alipaswa kusimama na kueleza mupango wake. Clotilde akasimama wa kwanza.

"Mama ametufundisha kuona mbele," akasema. "Majira yanahama. Samaki itapunguka. Kitu ikipunguka, bei inapanda. Kwa hiyo siye wote tumeungana. Wiki hii tumenunua mpumbu yote ya pale muto unapoingia, iko inakauka. Tutaiweka mpaka wengine watakosa."

Wakapiga makofi. Matildah alibaki na chaki mukononi, anatafuta kosa. Alipitia mupango ule kichwani toka mwanzo mpaka mwisho. Kila neno lilikuwa lake.

"Na mayai?" akauliza.

"Mayai inaongeza uzito, mama."

"Na mwaka kesho mutanunua nini?"

"Mwaka kesho si tutakuwa tunauzisha hii?"

Matildah akaandika kwenye karatasi ya matokeo ya ushirika: Clotilde, wa kwanza.

Halafu wakamuletea zawadi. Beseni la bati, ndani mpumbu mubichi mukubwa kuliko wote, tumbo limevimba. Nkonde mwenyewe akapiga goti na kumupigia makofi ya heshima, yale ya polepole. Zawadi iliyopigiwa goti haikataliwi. Ukikataa, umemulaani aliyekupa. Matildah akaipokea kwa mikono miwili.

Nyumbani akaipasua. Mayai yakajaza bakuli. Akayakaanga na chumvi na nyanya, maana kutupa chakula hakuwahi kufundishwa. Yalikuwa matamu. Hilo ndilo lililomuudhi zaidi.

Mvua ilianguka siku ya tatu yake, asubuhi. Akachukua kipande cha makaa, akaenda kwenye chumba cha ushirika, akainama kupiga alama chini ya zingine zote. Akageuka ili aseme neno kwa darasa. Viti vilikuwa vimeshapangwa ukutani.