Waridi la Baba Mkubwa

Nahariri video za harusi na za kwaya katika chumba kimoja hapa Lushoto mjini, ukuta kwa ukuta na mama mshonaji wa sare za shule. Yeye ana cherehani ya kukanyaga ambayo haijawahi kumwangusha. Mimi nina kompyuta yenye kadi ya grafiki, yaani kile kipande cha ndani kinachochora picha kwenye kioo, na kadi hiyo nimeisifia hadi wateja wamechoka. Mwaka huu iliniaibisha wiki nzima.

Baba yangu mkubwa alifundisha kwaya ya usharika wetu kule Mlola kabla hajahamia Dodoma kwa mwanawe. Mimi mwenyewe alinifundisha sauti ya pili, akigonga meza kwa kidole kila nilipopotea. Mwezi wa saba, siku ya Ijumaa, aliniandikia barua pepe. Alikuwa anafanyiwa upasuaji wa jicho Jumatatu ya wiki ya pili yake, na alikuwa na hofu. "Nirekodie kwaya yangu, mwanangu," aliandika, "niwaone kabla hawajanifunga kitambaa." Chini ya maneno aliweka picha ya waridi linalofumba na kufumbuka, likimetameta bila kupumzika. Wazee wetu wakishajua kutuma picha zinazocheza, hakuna wa kuwazuia.

Sikumjibu. Niliona haya kumwamkia mtu mzima mikono mitupu, nikaamua kwamba shikamoo yangu itakwenda pamoja na kwaya. Lakini kwetu mkubwa akikusemesha humpi kisogo, na kuifunga barua yake kabla ya kuijibu niliona ni kumfungia mlango usoni. Kwa hiyo nikaiacha wazi pembeni mwa kioo, ikae pale hadi video ikamilike, na kila nilipoiwasha mashine niliirudisha palepale. Nilijiona nina adabu kweli.

Jumapili nilipanda Mlola nikarekodi nyimbo nne. Jumatatu nikahariri. Jumanne nikaiamuru kompyuta initolee video kamili, nayo feni, iliyokuwa ikivuma tangu Ijumaa nisijali, ikazidi kunguruma kama mashine ya kusaga. Kwenye kioo wanakwaya wakagoma katikati ya wimbo, midomo wazi, kisha programu ya kuhariri ikajifunga yenyewe. Nikarudia. Ikajifunga tena.

Nikalaumu vumbi. Niliazima brashi ya mama mshonaji nikasafisha mashine hadi ikang'aa, na feni ikanguruma vilevile. Nikalaumu joto. Sasa joto la wapi, Lushoto mwezi wa saba? Hata hivyo nilifungua dirisha na mlango, ukungu ukaingia hadi mezani. Mama mshonaji akaja amejifunga vitenge viwili.

"Shikamoo, mama," nikamwambia.

"Marahaba. Humu ndani unakausha nini, mwanangu?"

"Napoza mashine."

"Na mimi je, nimekuambia nina joto?"

Nikafunga dirisha. Jumatano nikaweka upya programu inayoendesha kadi. Alhamisi niliipiga kompyuta kofi, jambo ambalo sijivunii, na halikusaidia. Kila nilipowaza kwamba mzee ataingia chumba cha upasuaji bila kuwaona watu wake, moyo uliniuma. Mimi ndiye mtaalamu wa ukoo, na nilikuwa nashindwa na nyimbo nne.

Ijumaa niliifunga kabisa programu ya kuhariri, kwa hasira zaidi kuliko kwa akili. Feni haikunyamaza. Hapo ndipo nilipozinduka: kama hakuna video iliyo wazi, nani anaitumia kadi? Nikafungua ile orodha inayoonyesha kila programu inakula kiasi gani cha nguvu za mashine. Wiki nzima nilikuwa naisoma nusu, safu za mwanzo tu. Safu ya kadi ilikuwa imejificha mwisho kabisa kulia. Nikaivuta ionekane, na juu kabisa, peke yake, ilikaa programu ya barua pepe. Imeimeza kadi karibu yote.

Sikuamini. Barua? Nikalishusha dirisha la barua, namba ikaporomoka na feni ikatulia. Nikalipandisha, feni ikaanza. Nikafungua barua nyingine, kimya. Nikarudi kwa baba mkubwa, kelele. Mama mshonaji alikuwa amesimama mlangoni na sindano mdomoni, akaitoa.

"Hilo ua halichoki?"

"Ndilo linalonimaliza, mama. Kila likifumbuka, mashine inalichora upya."

"Tangu lini?"

"Tangu Ijumaa iliyopita."

"Yaani unakanyaga cherehani wiki nzima bila kitambaa! Si ulifunge?"

Nikamweleza habari ya adabu, na mikono mitupu, na shikamoo itakayokwenda na kwaya. Alinisikiliza hadi mwisho, halafu akacheka akashika kizingiti.

"Waraka ni nusu ya kuonana, mwanangu. Wewe umemfungulia mzee mlango, ukamwacha amesimama na maua yake mkononi wiki nzima. Mwamkie kwanza!"

Nilijua kwamba ningeweza kwenda kwenye mipangilio na kuizuia programu ya barua isiiguse kadi, na baadaye nilifanya hivyo. Lakini mama alikuwa amenikodolea macho. Nikaandika: "Shikamoo, baba mkubwa. Kwaya iko njiani." Nikatuma, nikaifunga barua yake. Chumba kikawa kimya hadi tukasikia magari ya Mombo yakiita abiria.

Nikaifungua tena kazi yangu na kuiamuru upya. Safari hii wanakwaya walikwenda mbele bila kugoma, na kabla hawajafika wimbo wa tatu, jibu la baba mkubwa liliingia. Halikuwa na ua lolote.

"Marahaba, mwanangu. Nilidhani nimekuudhi kwa kukuagiza kazi. Hao wanakwaya sauti zao ninazo kichwani, hata nikifungwa macho yote mawili nitawasikia. Nilikuwa naogopa tu, nikataka neno lako."

Machozi yalinitoka, na sikumficha mama mshonaji. Video ilikuwa bado inajitengeneza. Sikuingoja. Nilichukua simu nikampigia, na alipopokea tu nikaanza kumwimbia sauti ya pili, naye kule Dodoma nikamsikia anagonga meza.