Ufagio Wetu na Majani ya Mitundu

Nilitoka kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, hapa Malawi, kwenda Mitundu kwa sababu ya mbuzi. Nalisema mapema ili asiwepo wa kudhani nilikwenda Lilongwe kutembea.

Sisi akina mama wa kanisa letu, wengi wetu watu wa Bukavu kule Kongo, tunafuga mbuzi kwa pamoja. Ndio tunaomshika nao mkono mwenzetu akijifungua au akifiwa. Kambini hakuna mahali pa kuwalisha. Kamba ikilegea kidogo tu, mbuzi yuko kwenye mahindi ya wenyeji na kesi imeanza. Ndipo jirani yetu Mmalawi, mjane tunayemwita Amayi Chisomo, alipotuachia kipande cha ardhi yake chenye majani ya asili ya huku. Ni yale marefu yanayoota kwa mashina mashina, yanayopenda mvua na joto, kisha baridi ikija yanalala. Wachewa huyaita msipu tu, kama malisho mengine mabichi.

Mwaka wa kwanza mbuzi walinenepa mpaka tukaanza kuringa. Mwaka huu, katikati ya mvua, wakati hata kandokando ya vyoo ni kijani kitupu, majani yetu yalikuwa yanakufa. Ukilivuta shina, linang'oka kama jino la mtoto.

Amayi Chisomo alipita siku moja, akasimama, akatazama. Kiswahili chetu amekipatia sokoni kwa kukaa nasi miaka mingi.

"Mama Ansima," akaniambia, "kama hii shamba munaiacha, muniambie. Mvua ikiisha na majani haiko, mwaka unakuya mi napanda karanga."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililonitia hofu. Ardhi ikienda, mbuzi nao wanakwenda. Usiku huo nilikula nsima, ugali wa huku, bila kujua nakula nini.

Asubuhi ya kuondoka mvua ilikuwa imepumzika. Ruhusa ya kutoka kambini nilikuwa nayo. Shamba na mbuzi nilimwachia Mama Nsimire, mwenzangu wa kushona, mwanamke ambaye akiona jani limeanguka uani hawezi kumaliza chai yake.

"Uangalie shamba muzuri," nikamwambia.

"Usiwaze, dada. Utaikuta iko safi."

Maneno hayo mtayakuta tena mbele. Nilipanda kabaza, baiskeli ya abiria, mpaka barabara kuu, kisha minibasi ya kwenda Lilongwe.

Mchana nilishuka Area 25, pembeni mwa Lilongwe, nikatembea hadi mtaa wa Nsungwi kwa dada Salima. Huyu ni mtu wa Kindu, Mwislamu, zamani tulipakana ukuta kambini. Sasa anauza vitenge, na Chichewa anakiongea kuliko wengine waliozaliwa nacho. Yeye ndiye aliyenitumia habari za mfugaji mmoja wa Mitundu anayemuuzia maziwa, ambaye majani yake hayaishi.

Aliniwekea chai na mandasi, akanitazama viatu.

"We ulitembea mu matope yote ile, na viatu inangaa?"

"Nilipangusa hapo mlangoni."

"Batu ya Bukavu," akacheka. "Siku moja mutapangusa mpaka mvua."

Kesho yake tulivuka mji pamoja, tukashika njia ya kusini. Baada ya nyumba kuisha yalikuja mahindi yaliyotoa mbelewele, tumbaku yenye majani mapana, na udongo mwekundu unaonata. Mitundu ilikuwa siku ya soko. Tulipita katikati ya nyanya, majembe na kuku waliofungwa miguu, tukachukua kabaza mbili mpaka kwa yule mfugaji, Bambo Mwale.

Nakiri kwamba nilipoliona shamba lake nilisikitika. Safari yote ile kuja kutazama fujo! Majani yalisimama kwa vimo tofauti, huku yakifika kiunoni, kule yamekatikakatika, na chini yake takataka za majani makavu hazijaguswa na mtu. Kamba zilikuwa zimegawa shamba vipande vipande, na ng'ombe na mbuzi walikuwa katika kipande kimoja tu. Mtu huyu hana mke, nikajisemea. Mke wake akatoka ndani akatukaribisha.

Bambo Mwale ni mtu wa sauti ndogo. Alisikiliza shida yetu yote, Salima akitafsiri, kisha akanipa panga.

"Anasema umuonyeshe vile munakataka," Salima akasema.

Nilifurahi, maana kazi hiyo naijua. Niliinama kwenye shina moja pembeni, nikalifyeka sawasawa na udongo. Nikachukua tawi, nikafagia takataka pande zote mpaka ardhi ikabaki wazi na nyekundu, kama uwanja wa kanisa letu Jumamosi. Maana hivyo ndivyo tulivyolifanyia shamba tangu tuanzishe siku ya usafi: mbuzi wakishakula tunakata kilichobaki, tunafagia, panapendeza.

Nilipoinua kichwa, Bambo Mwale alikuwa amechuchumaa, ameweka viganja vyake viwili juu ya kile kisiki, kama mtu anayefunika kidonda. Alisema maneno machache.

"Anasema majani inawekaka chakula yake hapa chini, mu shina," Salima akanieleza. "Mukikata mpaka udongo, munaiba ile chakula. Inaota tena mara moja, mara mbili, kisha inachoka. Na takataka ile njo inakinga udongo na jua. We unafagia shuka ya mutu mwenye iko nalala."

Sikujua nicheke au nilie. Bambo Mwale aliona uso wangu, akaongeza kwamba yeye naye aliwahi kuua upande mzima kwa kuacha ng'ombe wakae hapo hapo msimu wote.

Alitutembeza akitueleza. Mbuzi haingii mpaka majani yafike gotini. Anatolewa yakibaki kimo cha ngumi mbili, moja juu ya nyingine, na hapo kipande kinapumzika huku mbuzi wamehamia kingine. Mvua zikikaribia kwisha hakiguswi tena mpaka majani yasimame vizuri, ili kiangazi kiyakute na nguvu. Tulipoondoka alichimba mashina mazima, akayagawa kwa mikono, akayaweka kwenye gunia bichi. Nilimpa mikono miwili kumshukuru: "Zikomo, Bambo. Zikomo kwambiri."

Nililala Nsungwi, na asubuhi nikarudi Dzaleka na gunia langu magotini, nikidondosha maji ndani ya minibasi bila aibu yoyote.

Mchana nilifika moja kwa moja shambani. Mama Nsimire na wenzetu walikuwa hapo, jasho linawatoka, nyuso zinang'aa. Nusu ya shamba ilikuwa imefyekwa na kufagiliwa, nyekundu kabisa, na mistari ya ufagio imepangika.

"Tulisikia Amayi Chisomo anakuya kuangalia leo," Mama Nsimire akasema. "Tukasema asikute uchafu."

Nilikaa juu ya gunia. Hasira ilinipanda, kisha nikakumbuka nani aliyeomba shamba liangaliwe vizuri. Amayi Chisomo alinikuta nimekaa hivyo hivyo, nikawaeleza wote pamoja, wakiwa wameshika fagio zao: ngumi mbili, goti, kamba, takataka. Mama Nsimire aliuficha ufagio wake nyuma ya kitenge.

Amayi Chisomo alitazama mistari ya ufagio.

"Huku kwetu," akasema, "mutu akikata shamba mpaka udongo, iko natayarisha kupanda. Kila nikipita nakuta mumefagia. Nikasema, hawa bamechoka na mbuzi, banataka mahindi, lakini banaogopa kuniambia."

Kumbe mwaka mzima tulikuwa tunamuaga kwa ufagio. Alitupa muda mpaka mvua ziishe.

Tulipanda siku hiyo hiyo, mvua ikitupiga mgongoni. Nusu iliyofagiliwa ilipokea mashina ya Mitundu. Nusu nyingine tuliifungia kamba, tukaiacha na uchafu wake. Hilo lilikuwa gumu kuliko kuchimba. Hata leo nikipita hapo mikono inaniwasha, na dawa yangu ni kurudi nyumbani kufagia ua wangu mara ya pili.

Mvua zikielekea ukingoni, Amayi Chisomo alikuja akivuta mbuzi wake kwa kamba. Alisimama mbele ya kijani kile, akauliza kama naye anaweza kupata zamu.

Nikapiga goti kumsalimu, na kwa kuwa nilikuwa chini tayari, nikapima majani.

"Bado, Amayi," nikamwambia mwenye ardhi, nikigusa goti langu. "Ngoja ifike hapa."

Akageuza mbuzi wake, akaenda kungoja.