Malipo ya Juu ya Jiwe

Kabla ya simu ile kuja, Ndalahwa alikuwa mzee wa kawaida mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Mabatini. Ilipokuja akawa mzee wa kawaida mwenye duka na simu, na katika Mwanza ya miaka ile hiyo ilikuwa tofauti kubwa. Magari watu walikwishayazoea. Simu isiyo na waya, ambayo mtu anatembea nayo mkononi kama kipande cha sabuni, ilikuwa bado inawasahaulisha watu wazima walichokuja kununua.

Ndalahwa hakuzaliwa mfanyabiashara. Miaka yake mingi ilipita kwenye ghala la ushirika akipokea pamba, mpaka siku wakubwa walipokuja na kuwaeleza kwamba soko sasa ni huria, kwa hiyo na wao wafanyakazi wako huru, kuanzia kesho yake. Alichoondoka nacho kilikuwa kiinua mgongo kisichoinua kitu na mguu wa kushoto ulioangukiwa na robota la pamba. Kiinua mgongo alikigeuza misumari, saruji na mabati. Mguu alibaki nao. Mwanawe wa pekee, Mayala, alikwenda Dar es Salaam kuwa mnunuzi wa bidhaa pale Kariakoo, na huko akageuka mjanja kwa haraka iliyomshangaza hata baba yake.

Ni Mayala aliyeituma simu, na ni yeye aliyebuni ule utaratibu. Siku hizo fedha ya kutoka Dar ilikuja kwa basi. Ilipanda ikiwa nzima na kushuka Mwanza ikiwa na maelezo: mara basi limetekwa, mara kondakta amebadilishwa, mara bahasha imelowa. Mayala akasema yaishe. Mwenye mtoto Dar amwambie mtoto apeleke fedha Kariakoo. Yeye Mayala akishaipokea, atampigia simu baba yake, na baba atamkabidhi mzazi mabati palepale kaunta. Fedha hiyohiyo Mayala angenunulia bidhaa nyingine za duka. Hakuna noti hata moja itakayoliona basi.

Mabatini wakaupokea kwa shangwe, wakauita kulipa kwa simu. Mtu aliyekuwa hajawahi hata kuigusa simu alikuwa akisimama mbele ya kaunta, mikono mitupu, na kusema kwa madaha, "Mzee, mimi nalipa kwa simu."

Kulikuwa na kasoro moja tu. Dukani simu haikushika. Ilishika juu ya jiwe lililokuwa nyuma ya duka, moja ya yale majabali yetu yaliyopandiana bila kuulizwa na mtu. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla Kariakoo haijachangamka, wateja wa simu walijipanga kaunta na Ndalahwa akalipanda jiwe akiuvuta mguu wake wa kushoto. Alisimama kileleni mbele ya watu wote, akaielekeza simu upande wa ziwa, akasubiri.

Sasa niseme kitu ambacho Mayala hakukijua, au alikijua akakidharau. Mabati yalikuwa ya wateja. Alichokipandia jiwe Ndalahwa kilikuwa salamu ya mwanawe. Mkewe alikwishafariki, nyumba ilikuwa kimya, na Mayala hakuwa amekanyaga Mwanza tangu mazishi. Mtu aliyelelewa Usukumani hasalimiwi kwa neno moja kama anayeombwa kiberiti. Anaulizwa ameamkaje, anaulizwa watu, mifugo, mvua na shamba, na kila swali linapewa muda wake. Ndipo shida inatajwa, tena kama jambo lililokumbukwa tu njiani.

Enzi hizo, lakini, simu ilikuwa ikila kadi ya muda wa maongezi kwa pande zote mbili, anayepiga na anayepigiwa, na ilikula kwa pupa.

Mteja wa kwanza kuonja utaratibu huo alikuwa Paskazia, mama aliyeuza chakula kwa wachuuzi wa samaki pale Mwaloni, Kirumba. Binti yake Modesta alikuwa Dar, na alikwishapeleka fedha kwa Mayala ili mama aezeke nyumba aliyokuwa akijenga Ilemela. Paskazia alisimama kaunta na kanga yake nzuri kabisa, maana si kila siku mtu analipa kwa simu. Juu ya jiwe simu ikalia.

"Haloo! Mayala! Mwangaluka!" Ndalahwa aliamini kwamba Dar ni mbali, kwa hiyo aliipaza ile salamu ya asubuhi ya Kisukuma ipasavyo.

"Mwangaluka, baba. Shikamoo. Sasa sikia, mama Modesta..."

"Marahaba, mwanangu! Umeamkaje?"

"Salama, baba. Mama Modesta mpe..."

"Wajukuu wameamkaje?"

"Wazima. Mpe mabati..."

"Na mama yao? Huku sisi wazima. Shangazi yako kifua kimepungua. Yule ng'ombe mwenye pembe moja amezaa..."

Simu ikakata wakiwa wamefika kwa ng'ombe. Ndalahwa akashuka polepole, uso umemng'aa.

"Wamekusalimu sana, mama Modesta," alisema.

"Nimeitikia, mzee. Na mabati?"

"Mabati bado hatujayafikia."

Paskazia akaenda zake bila bati hata moja. Kesho yake alirudi na kadi mbili za simu mfukoni, akaziweka juu ya kaunta. "Hii ya salamu," alisema, "na hii ya mabati." Tangu hapo ikawa ndiyo desturi ya duka. Mteja wa simu alikuja na kadi ya salamu kama vile mgonjwa anavyokwenda hospitali na daftari lake, na hakuna aliyeona ajabu.

Aliyeona ajabu ni Mayala. Alianza kuzikata salamu moja baada ya nyingine, kama mtu anayepunguza mzigo kwenye mkokoteni. Kwanza wakaondoka ng'ombe. Kisha shangazi. Kisha akaacha kuitikia maswali, akawa anasema "salama, salama, salama" kwa mkupuo mmoja, kwa swali lililoulizwa na lisiloulizwa bado, ili kuwahi mabati. Mwishowe asubuhi moja simu ililia, na kabla Ndalahwa hajafungua kinywa, akasikia: "Saruji mifuko mitano, fundi wa Igoma." Kisha simu ikakatwa.

Ndalahwa alikaa chini juu ya jiwe. Iliuma, na sioni sababu ya kuficha. Huyu ndiye mtoto ambaye, mwaka ule wa robota, alikuwa akirudi shuleni na kuweka maji motoni ili amkande baba yake mguu, kila jioni, mpaka mzee akaweza kukanyaga tena. Aliposhuka, alimwambia fundi wa Igoma kwamba saruji haitoki.

"Lakini simu imelia, mzee! Sote tumeisikia."

"Imelia. Ila aliyepiga hajanisalimu. Nitajuaje kama ni mwanangu? Mwanangu ana adabu."

Hiyo ikawa sheria ya kaunta: bila salamu, hakuna mzigo. Mayala alifoka, kisha akasalimu amri, akawa anatema salamu mbili tatu kama mtu anayelipa ushuru. Ndalahwa naye akawatangazia watu kwamba salamu ndiyo kufuli la duka lake. Mwizi, alieleza, anaweza kuiga sauti, lakini atawajulia wapi shangazi na ng'ombe mwenye pembe moja? Alilieleza hilo juu ya jiwe, kwa sauti yake ileile ya kufika Dar. Shangazi na yule ng'ombe walikuwa wanajulikana kuanzia Mabatini mpaka stendi.

Kisha ikaja ile simu. Ndalahwa alikuwa hajamaliza hata kujiweka sawa pale juu.

"Mwangaluka, baba. Shikamoo."

"Marahaba." Sauti ilikuwa na mikwaruzo, lakini simu za siku zile zote zilikuwa na mikwaruzo.

"Umeamkaje, baba yangu?"

Ndalahwa akaitoa simu sikioni, akaitazama, akairudisha. "Nimeamka, mwanangu. Nimeamka vizuri."

"Shangazi kifua chake? Na yule ndama, ameshaanza kula majani?"

Walizungumza. Kadi ilikuwa inaliwa na mpigaji hakujali hata kidogo. Aliuliza mvua. Aliuliza kama kaburi la mama limepaliliwa, na Ndalahwa akajibu kwamba alilipalilia mwenyewe, na sauti yake ikashuka kwa mara ya kwanza tangu simu ifike Mwanza, hata watu wa kaunta wakageuka kutazama kuna nini.

"Na mguu wa kushoto, baba? Bado unakusumbua ukipanda jiwe?"

"Ah," alisema Ndalahwa. "Kidogo tu. Asubuhi. Jua likitoka unalegea."

"Uwe unapumzika katikati, pale kwenye lile jiwe dogo. Usipande kwa haraka. Basi, baba, kuna mtu anakuja na pikapu. Mabati yote yaliyobaki mpe, ameshanilipa huku."

Mtu wa pikapu alikuja, akaamkia vizuri, akapakia. Ndalahwa alimsaidia kufunga kamba, tena akamwongezea misumari ya bure. Siku nzima aliuza huku akiimba chinichini, na wateja wa taslimu walipunguziwa bei bila kuomba.

Mayala halisi alipiga kesho yake, na hakusalimu.

"Baba, mabati umempa nani?"

"Si ulisema mwenyewe nimpe mtu wa pikapu?"

"Pikapu gani? Mimi jana nilikuwa bandarini kutwa, sijashika simu! Baba, umeibiwa! Hukusikia kwamba sauti si yangu?"

Chini, kaunta nzima ilikuwa imeinua shingo kutazama jiwe. Paskazia alikuwepo, amekuja kwa ajili ya mabati ya jiko.

"Niliisikia," alisema Ndalahwa.

"Uliisikia, na bado ukatoa mali?"

"Aliniuliza habari za mguu. Nikasema, leo mwanangu amenikumbuka."

Kwa mara ya kwanza ikawa ni Mayala anayeiacha kadi iliwe bure. Kisha akarudia biashara, maana huko ndiko alikokuzoea. Mwizi, alisema, ni mtu wa hapohapo Mabatini, aliyesimama kaunta akasikiliza na kutazama. Kuanzia leo wawe na neno la siri. Ndalahwa akasema hataki neno la siri, yeye si polisi. Ila akiwa na shaka atauliza swali moja la nyumbani, na ole wake atakayekosea.

"Uliza lolote," alisema Mayala. "Mimi ni mwanao."

Mzigo mpya ulifika kwa treni baada ya muda. Mwizi hakupatikana. Kila aliyeonekana na bati jipya alinong'onwa wiki nzima, hata mchungaji aliyebadilisha paa la choo cha kanisa. Mawingu ya vuli yalikuwa yameanza kukaa juu ya ziwa asubuhi Paskazia aliporudi kaunta. Modesta alikwishalipa Kariakoo, jiko la Ilemela lilikuwa na kuta tu, na mahindi na sufuria zake zilikuwa ndani yake.

"Mzee, leo usiniangushe," alisema, na kadi zake mbili akaziweka mezani. "Mvua ile inakuja kwangu moja kwa moja."

Ndalahwa akapanda. Simu ikalia.

"Mwangaluka, baba. Shikamoo," ilisema sauti. Ilisema taratibu, kwa kujilazimisha. "Umeamkaje? Shangazi je? Ng'ombe?"

"Wazima."

"Na mguu wako, baba? Unaendeleaje?"

Ndalahwa aliukunjua mguu pale juu ya jiwe na kuutazama. Kaburi, ndama, shangazi, yote yalikuwa yameshatangazwa, na simu zote zilikuwa na mikwaruzo. Hapo ndipo shaka ilipomwingia, akakumbuka sheria yake.

"Mguu upi?" aliuliza.

 Upande wa pili zilisikika kelele za Kariakoo, mikokoteni, mtu anatangaza bei ya mashuka. Kadi ya salamu ilikuwa inayeyuka. Paskazia, kule chini, alikuwa ameshika ukingo wa kaunta kwa mikono yote miwili.

"Baba, si ule... ule wa kulia?"

Ndalahwa aliiacha simu sikioni. Alisikia "Haloo? Baba? Haloo?" mpaka kadi ikaisha. Kisha akaanza kushuka. Alipofika kwenye lile jiwe dogo la katikati akapumzika, kama alivyoshauriwa.

Paskazia alikuwa ameuona uso wake kabla hajafika. "Amekosea?" aliuliza kwa woga. "Ndiyo kusema si yeye? Mzee, jiko langu..."

"Usihofu, mama Modesta. Chukua mabati yako." Akazunguka kaunta, akaanza kuyahesabu mwenyewe, akiegemea mguu mzima. "Ni mwanangu mwenyewe. Mwizi angejua ni upi."